Tamthilia ya Mtihani na Tamthilia ya Jukwaa: Historia ya Uteuzi katika Somo la Kiingereza nchini Kenya

Mjadala kuhusu vitabu teule huzuka nchini Kenya kila orodha mpya inapotangazwa. Wazazi huuliza kama kitabu kina maneno yasiyofaa kusomwa na watoto wao. Wachapishaji huhesabu nakala. Wanasiasa huuliza ni nani anayesemwa. Sisi wahakiki nasi, kwa mazoea ya miongo kadhaa, huuliza mwandishi ni wa wapi. Kila mmoja ana haki ya kuuliza alilouliza. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: kijana anapochaguliwa tamthilia, huwa amechaguliwa kitu cha kufanya nini? Akisome, akiigize, au akikariri kwa ajili ya dondoo la mtihani? Makala haya yananuia kulifuatilia swali hilo kwa njia ya historia.

Huenda msomaji akashangaa kumwona mhadhiri wa fasihi ya Kiswahili akijitoma katika shamba la wenzake wa Kiingereza. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mwanafunzi ni mmoja. Kijana aliyemsoma Nora wa Ibsen asubuhi ndiye aliyemsoma Tunu wa Kigogo alasiri, na akili yake haina ukuta baina ya vipindi hivyo viwili hata kama ratiba ya shule inao. Pili, kama tutakavyoonyesha, historia ya tamthilia katika darasa la Kiingereza ni historia ya tafsiri kuliko inavyokubaliwa, na tafsiri ni jambo linalotuhusu sote.

Yafaa tuanzie Unguja. Katika miaka ya 1860 Edward Steere, mmisionari ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alipiga chapa hadithi chache za Shakespeare kwa Kiswahili. Hakuzitoa kwenye tamthilia zenyewe bali kwenye kitabu cha Charles na Mary Lamb, kilichochapishwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watoto, ambamo ndugu hao walikuwa wamezigeuza tamthilia kuwa masimulizi ya nathari. Mwaka huohuo wa 1807 ndipo jamaa ya Bowdler ilipotoa toleo la kwanza la Shakespeare lililopunguzwa maneno yaliyodhaniwa hayafai kusomwa kwa sauti mbele ya familia. Zote mbili zilikuwa mbinu za kumchagulia kijana tamthilia: ya kwanza humwondolea jukwaa, ya pili humwondolea maneno. Shakespeare aliyefika pwani yetu kwanza alikuwa yule aliyeondolewa jukwaa. Alikuja akiwa hadithi. Tunalitaja jambo hili kwa kuwa tutalikuta tena, likiwa limevaa nguo nyingine, katika shule zetu za leo.

Katika shule za sekondari za kikoloni zilizowapokea Waafrika, hali ilikuwa na sura mbili. Mtihani ulitoka Cambridge, na waliochagua tamthilia walikuwa watu wasiowajua watahiniwa. Hilo limesemwa sana na halihitaji kurudiwa. Lisilosemwa sana ni kwamba katika baadhi ya shule hizo tamthilia iliigizwa kwelikweli. Katika Shule ya Upili ya Alliance, chini ya Carey Francis aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962, kuigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka kulikuwa desturi. Ngugi wa Thiong'o, aliyesoma hapo katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, amelieleza jambo hilo katika kumbukumbu zake. Hatuna nia ya kuusifu ukoloni. Wavulana walivalishwa mavazi ya wafalme wa Uingereza katika wakati ambapo wazazi wao walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya dharura, na kinaya hicho hakihitaji mhakiki wa kukifafanua. Lakini tukubali ukweli: mvulana aliyesimama jukwaani akamjibu mwenzake kwa maneno ya Shakespeare alikuwa ameijua tamthilia kwa mwili wake, kwa pumzi yake na kwa hofu yake ya kusahau. Ngugi huyohuyo, akiwa mwanafunzi wa Makerere, aliandika The Black Hermit, iliyoigizwa Kampala mwaka 1962 katika msimu wa uhuru wa Uganda. Hatudai kwamba jukwaa la Alliance ndilo lililomzaa mwandishi huyo wa tamthilia. Tunasema tu kwamba alikuwa amelikanyaga jukwaa kabla ya kuliandikia.

Baada ya uhuru, suala la nani ateuliwe lilitangulia masuala mengine yote, na ilikuwa lazima litangulie. Mwaka 1968 Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pachukuliwe na idara ambayo Afrika ingekuwa kitovu chake. Mwezi wa Septemba 1974 mjadala huo ulishuka kutoka chuoni hadi shuleni, pale walimu na wahadhiri walipokutana Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Mawasilisho ya mkutano huo yalihaririwa na Eddah Gachukia na Kichamu Akivaga, yakachapishwa mwaka 1978. Matunda yake tunayajua: fasihi simulizi ilipata mlango wa kuingilia shuleni, na waandishi kama Soyinka na Imbuga wakaacha kuwa wageni katika darasa la Kiingereza. Bila mkutano ule, makala haya yasingekuwa na la kusema.

Pamoja na shukrani hizo, kuna jambo ambalo kizazi kile hakikulimaliza. Mapambano yalihusu orodha. Nani aingie, nani atoke. Namna ya kuisoma tamthilia iliachwa karibu kama ilivyorithiwa kutoka kwa watahini wa Cambridge: kifungu kinanukuliwa, mtahiniwa anaulizwa kilichotangulia na kinachofuata, anatakiwa ataje sifa mbili za mhusika na kuzithibitisha. Orodha ikawa ya Kiafrika, swali likabaki lilelile. Mabadiliko ya mitaala yaliyofuata yalizidi kuibana tamthilia. Baraza la Mitihani la Kenya lilianzishwa mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka 1985. Na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Chini ya mfumo huo lugha ya Kiingereza na fasihi yake ziliunganishwa kuwa somo moja, kwa hoja nzuri kabisa kwamba lugha hujifunzwa vyema ndani ya fasihi. Matokeo katika madarasa mengi yalikuwa kinyume. Mwalimu mmoja, kwa vipindi vilevile vya juma, alitakiwa kufundisha sarufi, utungaji, ufahamu, riwaya, hadithi fupi na tamthilia. Katika msongamano huo, cha kwanza kutupwa kilikuwa kile kilichohitaji kusogeza madawati.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa kidato cha nne, darasa lake la watu zaidi ya arobaini lilikuwa na nakala kumi na moja za tamthilia teule. Mwalimu wetu, Mungu amjalie, alisoma sehemu za wahusika wote yeye mwenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa sauti moja, huku akisimama kila baada ya kurasa mbili kutuambia, "Hapa pigeni mstari." Tulipiga mistari. Kufikia mwisho wa muhula wa pili tungeweza kukariri muktadha wa kila dondoo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kueleza kwa nini mhusika fulani alinyamaza mahali fulani. Kunyamaza hakukuwa na mstari wa kupigwa. Simlaumu mwalimu huyo. Alitufundisha tulichopimwa, na tulipita.

Hatuna budi kuutaja mwongozo. Biashara ya miongozo ya vitabu teule imekuwa mhimili wa pili wa ufundishaji wa fasihi nchini, katika Kiingereza na katika Kiswahili pia, na baadhi yetu tuliomo vyuoni tumeiandika, kwa hiyo si busara kurusha mawe mengi. Ila angalia mwongozo unavyoifanya tamthilia: muhtasari wa kila onyesho kwa nathari, kisha maudhui, kisha wahusika na sifa zao. Je, hii si njia ya ndugu Lamb? Tofauti ni kwamba Charles na Mary Lamb waliandika nathari nzuri.

Tugeukie mfano mmoja ambao historia yake ni tajiri. Kati ya 2018 na 2022 tamthilia ya lazima katika somo la Kiingereza ilikuwa A Doll's House ya Henrik Ibsen, na miongoni mwa vitabu vya hiari ilikuwamo Inheritance ya David Mulwa. Ibsen aliandika kwa lugha ya kwao, Norway. Tamthilia yake ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi wa Desemba 1879. Inamhusu Nora, mke anayegundua kwamba ndoa yake imemfanya mwanasesere wa kuchezewa, na mwishoni anawaacha mume na watoto watatu akatoka nje ya nyumba. Mwisho huo ulitikisa Ulaya. Nchini Ujerumani mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuuigiza, kwa hoja kwamba yeye asingewaacha watoto wake kamwe. Kwa kuwa sheria za hakimiliki hazikumlinda mwandishi kule, Ibsen aliona afadhali auharibu mwisho wake mwenyewe kuliko kuharibiwa na mtu mwingine, akaandika mwisho mbadala ambamo Nora anaonyeshwa watoto wake, anaishiwa nguvu na kubaki. Yeye mwenyewe aliuona mwisho huo kuwa ukatili dhidi ya kazi yake.

Sasa tumtazame msichana wa miaka kumi na saba katika shule ya bweni huko Bungoma au Machakos akisoma habari za Nora. Mwalimu anauliza, "Je, Nora alifanya vyema?" Darasa linagawanyika. Wanaosema alikosa wana ushahidi kutoka majumbani mwao: wanajua watoto walioachwa huishije. Wanaosema alifanya vyema nao wana ushahidi, na mara nyingine ni ushahidi wasioweza kuusema kwa sauti. Huo ndio wakati adhimu wa fasihi. Lakini mtihani hauwezi kuupima mgawanyiko huo, na mwongozo huuzima kwa kutoa hoja tatu za kila upande. Fikiria darasa hilohilo likipewa miisho yote miwili, ule wa 1879 na ule wa 1880, liigawe kwa makundi na kuigiza yote. Wasichana wangegundua kwa miguu yao kwamba kutoka mlangoni na kuanguka mlangoni ni falsafa mbili. Wangeuliza pia ni nani aliyeutaka mwisho wa pili, na wangejibiwa kwamba ni mwigizaji mwanamke. Hapo mjadala ungeanza upya.

Jambo la pili kuhusu Nora ni kwamba anazungumza Kiingereza kwa kuazimwa. Anachokisoma mwanafunzi wetu ni maneno ya mfasiri. Vivyo hivyo kwa An Enemy of the People ya Ibsen huyohuyo, na kwa The Caucasian Chalk Circle ya Mjerumani Bertolt Brecht, ambazo zote zimewahi kuteuliwa kwa nyakati mbalimbali. Hatuoni kosa lolote katika uteuzi huo. Hiyo ya Brecht ina historia ambayo ingepaswa kusimuliwa katika kila darasa linaloisoma: iliandikwa kwa Kijerumani mwandishi akiwa uhamishoni Marekani, na onyesho lake la kwanza, mwaka 1948, lilikuwa kwa Kiingereza cha mfasiri Eric Bentley, likiigizwa na wanafunzi wa Chuo cha Carleton katika mji wa Northfield, Minnesota. Yaani tamthilia hiyo ilizaliwa jukwaani ikiwa tafsiri, na waliomzalisha mwana huyo walikuwa wanafunzi.

Basi ikiwa darasa la Kiingereza limekubali kwamba Mnorwe na Mjerumani waweza kuingia kwa hati ya mfasiri, hoja ya lugha asilia haiwezi tena kutumiwa kuwazuia wengine mlangoni. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969 na akaifasiri yeye mwenyewe kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1970. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na kiini chake ni swali ambalo kijana yeyote analielewa: je, uongo unaowaunganisha watu ni uongo? Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii ilichapishwa kwa Gikuyu mwaka 1980 na kwa Kiingereza mwaka 1982. Mwanafunzi anayejua Kiswahili angeweza kuziweka Kinjeketile zote mbili mezani, akaona mwandishi mmoja akijifasiri, akabishana naye. Kwa Ibsen hawezi kufanya hivyo, na mwalimu wake pia hawezi. Zoezi kama hili lingemfundisha Kiingereza kuliko kurasa mia za sarufi.

Njia ya upande wa pili ilikwisha kutandikwa zamani. Julius Nyerere aliifasiri Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno hilo mabepari lina uzito ambao mfanyabiashara wa Shakespeare hakuwa nao. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hapo kuna masomo ya muhula mzima kwa darasa ambalo walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wangeketi pamoja. Kwa uzoefu wetu, walimu hao hukutana katika chumba cha chai.

Tumesema kwamba tamthilia teule imepokonywa jukwaa. Msomaji makini atakuwa ameshatukumbusha kuwa shule za Kenya huigiza sana: kuna tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lenye mizizi katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na kuna vikundi vya waigizaji wanaozunguka shuleni kuonyesha vitabu teule karibu na wakati wa mtihani. Vikundi hivyo husaidia, ingawa mara nyingi huonyesha kile ambacho mtahini anatarajiwa kukiuliza. Tamasha ni jambo jingine kabisa. Hapo huwa na tamthilia mpya, iliyotungwa kwa ajili ya msimu huo, inayozungumzia njaa, ukabila, ufisadi, mapenzi na wazazi. Wanafunzi huikariri bila kulazimishwa. Kisha msimu ukiisha, aghalabu haichapishwi, haifundishwi, haitahiniwi.

Kwa hiyo shule yetu ina tamthilia mbili. Moja husomwa bila kuigizwa na nyingine huigizwa bila kusomwa. Ya kwanza huchaguliwa na kamati, ya pili huchaguliwa na mwalimu na wanafunzi wake. Na tukichunguza historia ya dola na tamthilia nchini, tunaona kwamba mgawanyo huu una manufaa kwa mtu fulani. The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi na Micere Mugo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga ziliwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos mwaka 1977. Zilikuwa kitabu na jukwaa kwa pamoja. Mwaka huohuo Ngaahika Ndeenda iliigizwa Kamiriithu na wanakijiji wenyewe. Ikapigwa marufuku, na Ngugi akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka. Maandishi yake hayakuwa yametishia kitu yalipokuwa mezani.

Betrayal in the City yenyewe, ambayo imesomwa na makundi mengi ya watahiniwa, ni tamthilia kuhusu jambo hili hasa. Nchi yake inaitwa Kafira, jina ambalo herufi zake zikipangwa upya hutoa Afrika. Wafungwa wanaagizwa waandae mchezo wa kumfurahisha mgeni wa kiongozi, na mchezo huo ndio unaogeuka kuwa mapinduzi. Imbuga anasema wazi kwamba mchezo unaoruhusiwa ukiwa burudani waweza kuwa kweli ghafla. Maelfu ya vijana wameandika insha kuhusu mchezo huo ndani ya mchezo. Wamepewa alama kwa kueleza umuhimu wake katika kuendeleza ploti.

Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kuendelea na Shackles of Doom, tamthilia ya Cleophas Malala iliyogusa ugavi wa rasilimali na ukabila, hadi Mahakama Kuu ilipoamua iruhusiwe. Mwezi wa Aprili 2025 shule hiyohiyo ilirudi na Echoes of War, ya mtunzi huyohuyo, inayohusu kizazi cha vijana na utawala. Kwa mara nyingine ilibidi Mahakama Kuu iamuru washiriki. Polisi walifyatua vitoa machozi nje ya ukumbi huko Nakuru. Wasichana walipopanda jukwaani hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Baadhi yao bila shaka walirudi shuleni kujiandaa kwa mtihani wa The Samaritan ya John Lara, iliyokwisha kuchukua nafasi ya Ibsen kwenye orodha, na katika karatasi ya mtihani huo wataombwa waeleze kilichotokea kabla ya dondoo na kilichotokea baada yake.